Kodi ya Desemba

Watu wanaorudi kutoka nje siwapendi, na sioni sababu ya kuficha. Wanaingia ofisini kwangu hapa Mwisenge, Musoma, na manukato yao, wanakalia nusu ya kiti wakiogopa vumbi, halafu wanaanza kunihadithia kwamba kule walikotoka foleni hakuna na kila kitu kinamalizwa kwenye simu. Nawasikiliza, naandika, nawatajia bei yangu. Wakishtuka nawaambia warudi huko kwenye simu. Nina dada yangu wa tumbo moja, Fatu, yuko Maskati mwaka wa kumi na nne sasa, na kila Idi anasema anakuja. Huenda hasira yangu yote ni yake, wengine wanaipata bure.

Revocatus Wambura alikuja mwezi wa pili mwaka ule wa elfu mbili na ishirini na nne, siku ya mvua, na hakukaa mpaka nilipomwambia akae. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, mikono imejaa makovu madogo ya kuungua. Hakunukia kitu. Aliletwa na Mzee Anuari, mwenye maghala ya samaki Makoko, ambaye mahesabu yake ya kodi nayashika mimi, kama ninavyoshika ya nusu ya wafanyabiashara wa mji huu. Mzee Anuari alisema, Mama Pazi, huyu kijana ameitwa na watu wa mapato, msaidie, halafu akaondoka akituachia maji ya mvua sakafuni.

Nilimuuliza kosa lake nini. Akasema hajui kama ni kosa. Alikwenda mwenyewe kuchukua namba ya mlipakodi kwa ajili ya biashara anayotaka kuanzisha, wakamuuliza mtaji umetoka wapi, akawaambia: mshahara wa Doha, karibu miaka kumi, na kule mshahara haukatwi kodi hata senti. Akawaambia pia kwamba alikuwa anakujaga nyumbani kila Desemba. Nilimuuliza nani alimtuma aseme yote hayo. Akafikiri kidogo, akasema aliulizwa.

Hapo nikajua nina kazi.

Kesi ya kodi ya mtu aliyetoka nje haianzii kwenye fedha, inaanzia kwenye maisha yake: aliondoka lini, alirudi lini, akija analala wapi. Kwa hiyo nilimwagizia chai nikamwambia anieleze tangu mwanzo. Kumbe nilikuwa nimefungua bomba.

Kwao ni Butiama, si pale barabarani kwenye maduka bali kule ndani, kwenye miji ya familia iliyojibanza katikati ya majabali. Mama yake, Nyangi, ni mjane, analima mtama na muhogo na ana ng'ombe wachache. Revocatus alisomea ufundi wa majokofu Mwanza, akapata kazi hotelini, kisha wakala akampeleka Doha kutengeneza viyoyozi. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Akaongeza miwili, akaongeza tena. Kule Bunda alikuwa na mchumba, Agness, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alisubiri mikataba miwili mizima na wa tatu ukamshinda. Aliolewa na mtu mwenye duka la dawa palepale Bunda. Alimpigia Revocatus simu kumwambia mwenyewe, hakutaka asikie kwa watu, na alimweleza kwamba huyo mwanamume hana makuu, ila jioni anakuwaga nyumbani. Revocatus aliniambia neno hilo lilikuwa kweli.

Kazi yake ilikuwa juu ya mapaa. Alfajiri anapanda, mchana chuma hakishikiki, na yeye yuko pale anahakikisha walio chini wanapata baridi. Jioni ni kambini, vitanda vya juu na chini, Mnepali huku na Mganda huku. Aliniambia mchana haukuwa na shida, mchana una kazi. Shida ni ule muda jua likizama, wakati ambao anajua kabisa nyumbani kunafanyika nini. Alikuwa anampigia mama yake simu saa za kule zikilingana na ng'ombe kurudi, anamwomba atoke nje na aelekeze simu zizini. Hakutaka habari. Alitaka kuwasikia wakiingia, na yule mtoto wa jirani akiwafokea. Mama yake akidhani mtandao umekatika anaanza kupiga kelele, Revo, uko, Revo, naye anaitika kwamba yupo, halafu anakaa kimya tena.

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza ubovu wa friji. Mimi nilikuwa nimeacha kuandika.

Mama yake aliwahi kumtumia dagaa wakavu kwa mkono wa mtu. Wenzake chumbani walilalamikia harufu, basi akawa anapanda nao kazini, anawatafuna mchana juu ya paa, peke yake, jua la utosi. Anasema hajawahi kula chakula kitamu na kichungu kama kile. Ikifika Novemba alikuwa halali vizuri tena. Desemba anakuja, wiki tatu, nne akibahatika, na wiki ya mwisho anakuwa ameshaharibika kwa kufikiria kuondoka.

Sasa alikuwa amerudi moja kwa moja. Alinunua mitambo ya chumba baridi kule, mitumba lakini mizima, akaisafirisha, na ilikuwa imelala kwenye ghala la Mzee Anuari. Alitaka kuiweka Makoko, kwa ajili ya wachuuzi wadogo. Wanawake wale wananunua sato na sangara alfajiri, na ikifika saa sita, kama hawajauza, wanatupa bei ili samaki wasiozee mikononi. Yeye angewatunzia kwa ada ndogo. Alikuwa amepiga hesabu zake na ziliingia akilini, na mimi hesabu za watu huwa haziniingii akilini kirahisi. Kampuni ya Doha ilikuwa bado imemshikia nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Asipowajibu, wanaweka mtu mwingine.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja. Mapato wakidai kodi ya ile mishahara ya nje, pamoja na riba, mitambo inauzwa, Makoko hakuna, na njia iliyobaki ni kupanda ndege kurudi juu ya paa.

Sheria yenyewe si ngumu kuielewa, ni ngumu kuikubali. Mtu asiye mkazi analipa kodi ya kile alichokipata ndani ya nchi tu, cha nje hakiwahusu mapato. Lakini mwenye makazi ya kudumu hapa, akikanyaga nchini hata sehemu ndogo tu ya mwaka, mwaka huo anahesabiwa mkazi, na mkazi analipia kipato chake chote, popote alipokipata. Wiki tatu za Desemba zinatosha. Nilimweleza Revocatus hivyo polepole, na nikamwona anavyoielewa. Kama asingekuja kabisa, kama angekaa kule kama dada yangu Fatu, leo hakuna ambaye angemuuliza.

Nilimtuliza. Nilimwambia kesi yetu imekaa kwenye neno moja, makazi, na makazi ya kudumu hana. Hakujenga mjini, hana mke, hana hati ya kiwanja. Nikamuuliza akija analala wapi.

"Kwangu," akasema.

"Kwako wapi?"

"Nyumbani. Kwa mama."

Nikamwambia basi ni kwa mama, na tangu leo ajizoeze kusema hivyo. Nikasema Jumamosi tunakwenda nikapaone kwa macho yangu, maana sisimami mbele ya afisa kutetea mahali nisipopajua.

Mji wa Nyangi ni nyumba moja ya bati, zizi, na ng'ambo ya uwanja nyumba ndogo ya udongo, nayo ina bati, mlango umeelekea zizini. Revocatus aliijenga kwa mikono yake kabla hajaondoka. Mimi ni mtu wa mjini, babu zangu walikuja Musoma na cherehani zao wakitokea Tabora, na kwetu watoto tulilala popote penye nafasi. Mambo ya kule sikuyajua. Nyangi ndiye aliyenieleza kwamba katika ukoo wao kijana akishatoka jandoni halali tena chini ya paa la wazazi. Lazima awe na nyumba yake, hata kama ni kibanda. Akisafiri, nyumba inamsubiri. Ikiachwa ianguke mwenyewe yuko hai, watu wataanza kumuuliza mama yake kwa sauti ya chini kama mtoto amefukuzwa au amekufa.

Aliniingiza ndani. Sakafu ilikuwa imesiribwa kwa udongo na samadi, bado inanukia ubichi. Kitanda kimetandikwa, kigoda kipo, beseni limefunikwa juu chini. Mafigani kulikuwa na majivu. Alisema anakujaga kuwasha moto humo mara kwa mara, mchwa wasizoee, na nyumba isinuke gofu. Karibu miaka kumi alifanya hivyo, kwa ajili ya mtu anayekuja wiki tatu.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu. Umeme hakuna, hati hakuna, kufuli hakuna, ardhi ya ukoo. Mbele ya afisa yeyote hiki ni kibanda cha ziada kwenye mji wa mama. Nikasema moyoni, tumepona.

Tulikula vizuri. Kuku alikuwa amepelekwa mpaka kwa Mwislamu mmoja barabarani akachinjwe, kwa ajili yangu, na Nyangi alinihakikishia hilo kabla sijakaa, jina la mchinjaji na la baba yake. Wakati tunanawa akauliza serikali inataka nini kwa mwanawe. Nikamwambia wanataka kujua anaishi wapi. Akacheka, akasema si wangekuja tu kumuuliza yeye. Njiani nikamwambia Revocatus wazi kwamba siku ya ofisini mama abaki nyumbani. Akaniitikia.

Siku yenyewe nilimkuta Nyangi ameketi kwenye benchi la ofisi ya mapato kabla yetu sote, amevaa kitenge cha kanisani, rozari mkononi. Hakuna aliyemwita. Kwao mtu akiitwa na serikali haendi peke yake akaonekana hana watu. Nilijaribu kumwondoa kwa upole. Nilimpeleka kwa mama ntilie wa jirani nikamwagizia chai na chapati, nikamwambia asiwe na haraka, mambo haya yanachukuaga muda. Alikunywa ile chai ya moto sijui kwa koo gani, kwa sababu hata salamu hatujamaliza akawa ameshaingia na kuvuta kiti.

Afisa alikuwa msichana wa heshima, Happyness, mtulivu, anasikiliza mpaka mwisho. Niliongea vizuri siku ile. Nilieleza kwamba mteja wangu aliishi na kufanya kazi nje, kwamba hakuwa na makazi ya kudumu hapa, kwamba alikuja kumsalimia mzazi kama mgeni yeyote na kuondoka. Happyness akamuuliza Revocatus alipokuwa anakuja likizo alikuwa anafikia wapi. Akajibu kama tulivyofanya mazoezi, kwa mama. Alijibu akiangalia meza, lakini alijibu.

Happyness akamgeukia Nyangi. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Mzee wa watu amekaa pale, kumpita bila neno ingekuwa dharau. Akamwamkia, akamuuliza kama mwanawe akija anafikia kwake.

"Kwangu atalala wapi, mtu mzima huyu?" Nyangi alisema. "Nyumba yake iko. Mimi napakaga udongo kila mwaka, mpaka huu ambao amerudi. Sijawahi kuiacha ikaanguka, mwanangu. Uliza mtu yeyote pale."

Nilirukia. Nikasema mama anamaanisha kile kibanda kilichopo kwenye mji wake, na mji ni wake yeye. Happyness aliinua kiganja kidogo kuninyamazisha, akamwangalia Revocatus, na nitamheshimu siku zote kwa namna alivyouliza.

"Kaka, hiyo nyumba ni ya nani? Ukisema ni ya mama, ninaandika ya mama."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nyangi naye alimgeukia mwanawe, bila wasiwasi wowote, kama mzazi anayesikia mtoto wake akiulizwa jina. Hakujua kwamba kuna jibu la hatari. Revocatus alijua, bei yake yote aliijua, kwa sababu nilimhesabia mimi mwenyewe, na alichukua muda mrefu hadi nikaanza kutumaini.

"Ni ya kwangu," alisema. "Pale ni nyumbani kwangu."

Nyangi akatikisa kichwa kukubali, jambo limekwisha.

Nje nilimchemkia. Nilimvuta kando ya ukuta nikamwambia Makoko yake ameitupa ziwani kwa maneno saba. Nikamwambia hakuna mtu angemwita mwongo, ardhi ni ya ukoo, kila mwanasheria angesema hivyo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema maneno ambayo sijapata kuyasahau.

"Mama Pazi, kule nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Kwamba mimi ninako kwangu, na kuna mtu anapatunza. Ndicho kilikuwa kinaniamshaga asubuhi. Leo nikisema sina, basi miaka yote ile nilikuwa naishi na nini?"

Akaongeza jambo moja, kwamba mama asiambiwe. Asijue kamwe kwamba ni maneno yake. Nyangi alikuwa amesimama pale karibu na geti anaongea na mlinzi, amefurahi, anamweleza kwamba yule mrefu ni mwanawe. Tulipomfikia akanishika mkono, akaniambia kwa upole kabisa kwamba ningemleta tangu mwanzo mambo yasingechukua muda wote huu. Nikamwambia ni kweli, mama.

Sasa ilibaki aamue. Mzee Anuari, ambaye si mtu mbaya lakini ni mfanyabiashara, alikubali kuinunua ile mitambo, na pesa yake ingetosha kuanza kulipa deni, linalobaki akalipa kwa awamu. Baada ya hapo Revocatus alikuwa na njia mbili: arudi Doha miaka miwili mingine, au mitatu, aanze upya, au akae, awe kibarua wa Mzee Anuari kwenye chumba baridi ambacho kilikuwa kiwe chake. Nilimshauri aende. Nilimpa sababu zote, na zilikuwa nzuri. Wiki ya mwisho wa mwezi wa tatu alikuja ofisini, akaomba apigie simu pale kwa sababu mtandao wa Mwisenge ni mzuri. Aliongea Kiarabu kidogo na Kiingereza kidogo, akicheka mahali fulani, akishukuru mara nyingi. Alipokata simu aliiweka mezani taratibu, akasema amewaambia waweke mtu mwingine.

Akaanza kazi Makoko. Wale wanawake wa samaki walimpenda, maana hawafokei na barafu haiishi. Jumamosi anakwenda Butiama. Nilipokuwa napita kuchukua mahesabu ya Mzee Anuari nilimkuta jioni moja amekaa juu ya kreti nje ya chumba baridi, simu sikioni, haongei. Nikajua anasikiliza ng'ombe. Nilimtania, nikamwambia sasa wewe uko Musoma, panda bodaboda ukawaone. Akatabasamu. Akaniambia alidhani mtu akirudi hamu inaisha, kumbe yake haijaisha, na hajui tena anatamani nini hasa, maana vyote alivyovitamani viko hapa. Nilidhani ni maneno ya uchovu.

Mwezi wa sita Happyness alituita kumaliza hesabu. Nyangi hakuwepo. Walikuwa wanaangalia miaka mitano ya nyuma tu, na Happyness alikuwa na pasipoti ya Revocatus mkononi, anasoma mihuri ya kuingia na kutoka, mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa kwanza aliingia Desemba, basi unalipiwa. Revocatus akaitika. Alikuwa ameshazoea, alikaa pale kama mtu anayenyolewa. Ule uliofuata Happyness alifunua kurasa mbele, akafunua nyuma, kisha uso ukamchangamka. Mwaka wa elfu mbili na ishirini hakukanyaga nchini kabisa. Muhuri haupo. Hata awe na nyumba kumi, mwaka huo si mkazi, hadaiwi kitu.

Nilifurahi, maana ni mshahara wa mwaka mzima umeondoka kwenye deni. Nilimpiga Revocatus bega. Hakusogea.

"Huo hauwezi kuuweka?" aliuliza.

Happyness akacheka, akasema watu wote wa mji huu wanaikimbia kodi, yeye peke yake anaifuata. Revocatus hakucheka. Alimtazama yule msichana moja kwa moja, na sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikibadilika, ikabadilika.

"Mwaka huo baba alikufa. Kambi yetu ilifungwa kwa korona, hakuna kutoka. Walimzika mimi naangalia kwenye simu, nikiwa juu ya paa la kambi, na mtandao ukakata kabla hawajafukia. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, udongo wa kwanza ulikuwa wangu." Akavuta pumzi. "Hiyo miaka mingine umeniandikia kwamba nilikuja. Na huo niandikie. Nitalipa, hata uwe na riba gani. Nataka iandikwe mahali kwamba nilikuja."

Happyness aliifunga ile pasipoti. Akamsogezea taratibu juu ya meza, kwa mikono miwili.

"Haiwezekani, kaka," alisema. "Hukuja."